Picha ya Hannah Montana: Wahakiki walinuna, watoto wakaimba

 

Leo ninaanza kwa kuungama kosa. Binti ya kaka yangu, mwenye umri wa miaka kumi, alikuja kukaa kwangu wakati wa likizo. Jioni moja tulipomaliza kula, akaniomba tutazame picha anayoipenda kuliko zote. Niliposikia jina lake nikaangua kicheko. "Ile ya Hannah Montana? Si ndiyo iliyokashifiwa na wahakiki?" nikamwambia. Na kwa vile kazi yangu ni ya kalamu na maneno hayanipigi chenga, nikampa sababu tatu za kuidharau picha hiyo kabla hata haijaanza.

Mtoto hakubisha. Aliniuliza tu, "Shangazi, wewe umeitazama?"

Sikuwa nimeitazama.

Alisema ana usingizi, akaenda kulala saa mbili usiku. Asubuhi yake hakuitaja tena picha hiyo, nami nikajua kuwa nimevunja kitu ambacho hakiuzwi dukani. Mtoto akikuonyesha kitu anachokipenda, huwa amekufungulia mlango. Ukimcheka ataufunga, na siku nyingine ataufungua kwa watu wengine, ambao huenda si wale ungemchagulia.

Basi nikaamua kujirekebisha. Nilitafuta maoni ya wahakiki nikayasoma, kisha nikamwomba binti yule radhi, tukaketi na kuitazama picha hiyo tangu mwanzo hadi mwisho. Haya ndiyo niliyoyapata.

Msichana mwenye majina mawili

Kwa wasiomfahamu, Hannah Montana ni mhusika wa kipindi cha runinga ambacho shirika la Disney lilianza kukionyesha nchini Marekani mnamo Machi 2006. Kipindi hicho kinamhusu Miley Stewart, msichana wa shule kama wengine wote. Lakini jioni ikifika, huvaa wigi la nywele za rangi ya dhahabu, akapanda jukwaani na kuwa Hannah Montana, mwimbaji anayewapagawisha maelfu ya vijana. Siri hiyo inajulikana na watu wachache tu.

Aliyeigiza nafasi hiyo alikuwa Miley Cyrus, aliyezaliwa Novemba 1992 katika jimbo la Tennessee. Na aliyeigiza kama babake alikuwa babake wa damu, mwimbaji wa muziki wa kantri Billy Ray Cyrus. Hilo likumbuke, msomaji, kwa maana tutalirudia baadaye.

Watoto walikipenda kipindi hicho kupita kiasi. Mnamo Februari 2008, picha ya tamasha la Miley ilionyeshwa katika kumbi 683 tu za Marekani, na kwa siku tatu za kwanza ikavuna zaidi ya dola milioni 31. Baada ya hapo hakuna aliyeshangaa kuona hadithi ndefu ya sinema ikifuata.

Hadithi hiyo, Hannah Montana: The Movie, iliingia kumbini Marekani tarehe 10 Aprili 2009, wikendi ya Pasaka. Mwelekezi wake alikuwa Mwingereza Peter Chelsom, na Miley alikuwa na umri wa miaka 16. Iliwekwa katika kundi la picha ambazo hata mtoto mdogo anaweza kutazama bila ya mzazi kumfunika macho.

Kisa chenyewe

Miley amelewa umaarufu. Anapigana hadharani na mwanamitindo Tyra Banks wakigombania viatu dukani. Katika sherehe ya kuzaliwa ya Lilly, rafiki yake wa chanda na pete, anatokea akiwa amevaa wigi la Hannah, na wageni wote wanamkimbilia yeye na kumsahau mwenye sherehe. Lilly anakasirika kweli kweli.

Baba anaona maji yanazidi unga. Badala ya kumpeleka bintiye New York kwenye tuzo za muziki, anampeleka kijijini Tennessee, kwa nyanyake, ambaye anasherehekea siku yake ya kuzaliwa. Huko Miley anakutana na kijana mchunga farasi, anaanza kukumbuka alikotoka, na anakuta wanakijiji wako mbioni kutafuta pesa ili mfanyabiashara mmoja asiwajengee jumba la maduka katika ardhi yao. Wakati huo huo mwandishi wa gazeti la udaku kutoka Uingereza anamnusa kila aendako, akitaka kuifichua siri yake.

Mwishoni Hannah anafanya tamasha la kuwachangia wanakijiji. Katikati ya tamasha anashindwa kuendelea na uongo, analivua wigi mbele ya watu wote na kuwaambia yeye ni nani. Watazamaji wanapigwa na bumbuazi. Kisha wanamsihi alivae tena, aendelee kuwa Hannah, nao watamtunzia siri. Hata yule mwandishi wa udaku analegeza kamba, baada ya binti zake mwenyewe kuletwa kumwona nyota wao.

Wahakiki walisema nini?

Wewe mwanafunzi unayejiandaa kwa mtihani wa fasihi unajua kuwa mhakiki huangalia ploti, wahusika, mandhari, lugha na maudhui. Wahakiki wa Marekani na Uingereza nao walifanya vivyo hivyo, na matokeo yao yaligawanyika. Ukihesabu, walioisifu picha hii hawakufika nusu.

Malalamiko makubwa yalikuwa juu ya ploti. Na hapa, msomaji, lazima niseme haki: walikuwa na hoja. Ukiitazama kwa dakika kumi za kwanza, unaweza kuandika dakika kumi za mwisho bila ya msaada. Kijiji kinachotishiwa na tajiri mwenye uchu wa ardhi, kijana mpole wa shamba, nyanya mwenye busara, tamasha la kuokoa jahazi. Hivi vyote tumeviona mara nyingi. Kuna tukio ambapo Miley ana miadi miwili ya chakula kwa wakati mmoja, mmoja na kijana wake na mwingine na meya anayemtaka Hannah. Basi anakimbia huku na kule akibadilisha nguo, mpaka anafumaniwa katika mlango unaozunguka. Mchezo huo wa kubadilisha nguo ni mkongwe kuliko sinema yenyewe.

Wengine walilalamika kwamba ni kipindi cha runinga kilichovutwa kama ulimbo ili kijaze saa moja na dakika arobaini. Wengine walichoshwa na vichekesho vya watu kuanguka ovyo. Lakini waliotulia walikiri mambo mawili: kwamba msichana ana sauti na uchangamfu wa kweli, na kwamba mandhari ya Tennessee yamepigwa picha vizuri. Wimbo wa The Climb, unaolinganisha maisha na kupanda mlima, ulipata sifa hata kwa watu ambao hawakuijali picha. Uliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy ya nyimbo za sinema, kisha kampuni ya Disney yenyewe ikauondoa kwa sababu haukuwa umetungwa mahsusi kwa picha hiyo.

Watoto wao hawakungoja kusoma gazeti. Wikendi ile ya kwanza picha hii iliongoza zote nchini Marekani, ikavuna zaidi ya dola milioni 32. Hatimaye ilipata karibu dola milioni 80 nchini humo, na zaidi ya milioni 150 kote duniani, ilhali kuitengeneza kuligharimu kati ya milioni 30 na 35.

Tuzo za kejeli

Mambo hayakuishia hapo. Kuna tuzo za Marekani ziitwazo Razzie, ambazo hutolewa kwa walioigiza vibaya zaidi. Mwaka 2010 Miley aliteuliwa katika orodha ya waigizaji wabaya wa kike, akiwa na miaka 17. Aliponea chupuchupu. Babake hakuponea, alipewa tuzo ya mwigizaji msaidizi mbaya zaidi wa kiume.

Lakini hebu tazama aliyempita Miley katika orodha ile. Alikuwa Sandra Bullock, kwa picha yake All About Steve. Mama huyo alikwenda mwenyewe kuichukua tuzo yake ya aibu, tena akakokota kigari kilichojaa nakala za picha hiyo ili awagawie waliompigia kura, wakaitazame vizuri. Hiyo ilikuwa tarehe 6 Machi 2010. Kesho yake, tarehe 7, alipanda jukwaa la Oscar na kupewa tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwa picha nyingine, The Blind Side. Yaani mwigizaji yule yule akawa mbaya zaidi Jumamosi na bora zaidi Jumapili!

Sisemi kuwa wahakiki hawana maana. La hasha. Ninasema kuwa mhakiki hutoa hukumu juu ya kazi moja, siku moja. Hatoi hukumu juu ya mtu, na hasa hatoi hukumu juu ya mtoto wako anayeipenda kazi hiyo. Bullock alilijua hilo, ndiyo maana aliweza kucheka. Msichana wa miaka 17, au wa miaka kumi aliyeketi sebuleni kwako, bado hajajifunza kutenganisha mambo hayo mawili. Ukimwambia picha yake ni upuzi, yeye husikia kwamba yeye ndiye mpuzi. Mimi nimelishuhudia hilo kwa macho yangu.

Maswali mawili tofauti

Nilipokuwa nikisoma maoni yale niligundua kwamba wahakiki na watoto hawakuwa wakibishana. Walikuwa wakijibu maswali mawili tofauti.

Mhakiki ametazama mamia ya picha. Anauliza: je, hii ina jambo jipya? Mtoto wa miaka kumi hajatazama mamia ya picha. Kwake yeye hii ndiyo mara ya kwanza kuona mtu akitenganishwa na rafiki kwa sababu ya kiburi, na mara ya kwanza kuona mtu akisema ukweli wakati uongo ungemfaidi. Anauliza: je, huyu ni kama mimi? Kila mtoto wa shule ana sura ya nyumbani na sura ya darasani. Anajua maana ya kuvaa wigi hata kama hajawahi kuligusa.

Binti ya kaka yangu aliniambia kuwa sehemu anayoipenda si ile ya nyimbo. Ni pale Lilly anapokasirika. Nilimuuliza kwa nini. Akasema ana rafiki darasani ambaye siku hizi akiwa na wasichana wa darasa la juu hujifanya hamjui. Msomaji, nisingelijua hilo kwa kumuuliza, "Shule iko vipi?" Picha ile iliyochekwa ndiyo iliyonipa jibu.

Wigi nje ya picha

Lakini kuna swali la tatu, na hapa wahakiki na watoto wote walipitwa.

Katika picha, Miley analivua wigi na umati unamwambia alivae tena, hakuna atakayetoboa siri. Watoto hushangilia. Ni mwisho mtamu: unaweza kuwa na umaarufu wote, na utoto wako wote, mradi watu wawe wema. Wahakiki walisema tu kuwa mwisho huo haumwingii mtu akilini, wakaendelea na picha nyingine.

Je, katika maisha halisi ilikuwaje? Mwaka 2011, kipindi cha runinga kilipokuwa kimekwisha, Billy Ray Cyrus alihojiwa na jarida la GQ la Marekani. Alisema kipindi kile kiliiharibu familia yake, na kwamba kama angeweza angekifuta chote, ili jamaa yake iwe salama na yenye furaha. Baba yule yule aliyeonekana kwenye picha akimrudisha bintiye kijijini kabla ya umaarufu kumharibu, nje ya picha alijuta kwamba hakuweza. Waliompa tuzo ya kejeli walipima jinsi alivyoigiza ubaba. Ubaba wenyewe haukuwa mbele yao, wala hawakuwa na mizani ya kuupima.

Miley naye alikua mbele ya macho ya dunia. Agosti 2013, alipotumbuiza katika tuzo za MTV huko New York akiwa na miaka 20, wazazi wengi waliomjua kama Hannah waliachwa vinywa wazi, na magazeti yakamla nyama. Wengi walisema ameharibika. Wachache waliuliza ni nani angeweza kuvaa wigi tangu akiwa na miaka 13 asitamani siku moja kulitupa mbali, tena kwa kishindo.

Hata hivyo, maji hufuata mkondo. Februari 2024 alishinda tuzo zake za kwanza za Grammy, kwa wimbo Flowers. Agosti mwaka huo huo, akiwa na miaka 31, Disney ilimtunuku heshima yake kuu iitwayo Disney Legend, na akasimama jukwaani bila ya kuonea haya jina la Hannah Montana. Alilivaa wigi, akalitupa, kisha akalitazama tena kwa macho ya mtu mzima. Njia hiyo ilimchukua miaka 18, wala haikuwa na umati wa kumtunzia siri.

Mzazi afanye nini?

Kwa hivyo, msomaji, tukiulizwa kama picha hii ni nzuri, tutasemaje? Mimi ningesema hivi: ploti yake ni dhaifu, nyimbo zake ni nzuri, na inafaa kutazamwa na mtoto mkiwa pamoja. Wahakiki hawakukosea kuhusu ufundi. Watoto hawakukosea kuhusu moyo. Anayekosea ni mtu mzima anayebeba maneno ya mhakiki, bila ya kuitazama kazi yenyewe, na kuyatumia kama fimbo ya kumchapia mtoto.

Nina mapendekezo machache. Kwanza, usiseme lolote juu ya picha ambayo hujaitazama. Huo ndio uhakiki wa kwanza, na mwanafunzi atakuambia kuwa hata mtihanini asiyesoma kitabu hupata sufuri.

Pili, usikimbilie kuuliza, "Umejifunza nini?" Mtoto ataona umemletea shule sebuleni. Muulize ni sehemu ipi angeirudia, na ni mhusika yupi angekuwa rafiki yake. Majibu yatakuja yenyewe.

Tatu, akiwa mkubwa kiasi, msomee maoni ya mhakiki mmoja aliyeisifu na mmoja aliyeiponda. Mwachie nafasi ya kubishana nao. Mtoto anayeweza kusema, "Ninaipenda, lakini ninakubali mwisho wake si wa kweli," amejifunza jambo ambalo watu wazima wengi hawaliwezi: kupenda kitu huku macho yako wazi.

Nne, usimfiche kwamba yule aliye kwenye kioo ni mtu. Ana mama, ana baba, anachoka, na ipo siku alilia baada ya kamera kuzimwa.

Hilo la nne nililijaribu mwenyewe. Tulipofika pale Hannah anapolivua wigi na umati unamsihi alivae tena, nilimuuliza binti ya kaka yangu: wewe ungekuwa pale ungemwambia nini? Nilitarajia aseme, kama wale wengine, kwamba angemtunzia siri.

Alifikiri kidogo. Kisha akasema, "Shangazi, mimi ningemwambia aende akalale kwanza. Amechoka."

Nimesoma wahakiki wengi kuhusu picha hii, na hakuna hata mmoja niliyemwona akisema hivyo. Tulizima, tukalala sisi pia. Safari hii ilikuwa saa nne na nusu, na kesho yake aliamka akiniuliza ni picha gani mimi niliyoipenda nilipokuwa wa umri wake. Ameniahidi hataicheka kabla ya kuitazama.

Haya, msomaji. Nawe jioni ya leo muulize wako, kisha uketi. Hadi Jumapili ijayo tukijaliwa, kwaheri ya kuonana.